Kuzunguka Parsele ya Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama husema nilitoka tumboni mbio, mkunga akiwa bado ananawa mikono, na tangu hapo sijawahi kungoja kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia chumba cha arshivi, kule ofisi ya kadasta wanakoweka karatasi za viwanja vyote vya Lubumbashi, yule mama anayekitunza alinichefua vibaya. Leo ningembeba mgongoni kutoka Ruashi hadi Kamalondo. Siku ile nilimwona mzembe.

Nilipelekwa pale na shida. Juma lililotangulia, mwanamume mmoja alibisha kwenye lango letu la Kamalondo, na nyuma yake komisionera, mmoja wa wale watu wanaozunguka mjini wakiuzisha nyumba za wengine. Mkononi alikuwa na karatasi ndani ya plastiki. Akasema amenunua parsele yetu, kiwanja pamoja na nyumba. Mama, ambaye amevuka miaka themanini, alikuwa anachambua matembele. Akampa kiti. Jamani, mtu anakuja kukufukuza kwako, unampa kiti! Mimi nilikuwa tayari nimeshika ufagio.

Mkubwa wa ofisi alitusikiliza sote, akakata maneno: atakayeleta faili la asili kufikia Ijumaa ya pili, parsele ni yake. Sisi tulikuwa na nini? Bahasha ya risiti za kodi ya nyumba, ambazo marehemu baba, mfanyakazi wa reli, alizitunza maisha yake yote. Mkubwa alizipekua akazirudisha. Risiti zinaonyesha mlilipa, alisema, hazionyeshi nyumba ni yenu. Na katika kitabu cha majina, kule arshivi, jina la baba halikuwemo. Nilikisoma mara tatu kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa shule. Nikamwona mama akilini mwangu, akilala kwenye sebule ya mtu, na vyungu vyake kwenye gunia. Nilichanganyikiwa kabisa.

"Uko natafuta jina," yule mama wa arshivi aliniambia bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo watu ni bantu. "Majina ya bantu inabadilikaka. Miye niko natafuta parsele. Parsele haitembeaka."

"Basi itafute!" nilimfokea.

"Mama, ikala kwanza."

Nikaikala, yaani nikakaa, huku nimevimba. Nikamtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa nyuma kwa mpira. Kabla ya kufungua kitabu chochote alikifuta kwa kipande cha kitenge, mbele, nyuma, na mgongoni. Mtu akiweka faili sakafuni, alimwomba aliokote. Baadaye nilijua kwamba mvua iliwahi kuingia kwenye paa na kuharibu vitabu vya zamani, na yeye, bila kuamriwa na mtu, alikuwa anavinakili vyote kwa mkono katika vitabu vipya, kwanza kwa penseli, kisha kwa kalamu. Alikuwa amefika rafu ya tatu. Nilipomsogezea bahasha nyingine, yenye pesa, kama tulivyozoea katika mji huu, aliisukuma kwa kiwiko. "Ile rudisha mu sakoshi yako. Kesho batasema niliuzisha baba yako." Nikairudisha mkobani, nikaona haya hadi masikioni.

Kisha akaanza kuniuliza mambo ya ajabu. Kushoto kwenu anakaa nani? Fundi wa kushona, nikasema. Kabla ya huyo fundi? Baba yake, aliyekuwa anapika bia. Kuume? Nyuma? Nani alikuwapo kabla ya huyo? Swali hili mkaaji wa mtaa mpya asingeliweza, lakini sisi watu wa Kamalondo tunajua hata mbwa wa babu ya jirani. Nilimtajia wote, naye akawaandika.

"Parsele moya iko na majirani," alisema, "na kila jirani iko na karatasi yake. Kwa ile karatasi balikuwa banaandika nani anaikala pembeni. Yenu imejificha? Tutaizunguka."

Aliizunguka siku nne. Nilikuja kila asubuhi na karanga za kukaanga, nikasahau kununa. Siku ya pili nilikuwa nafuta vitabu pamoja naye. Alikuwa hageuzi ukurasa kwa mate. Aliunyanyua pembeni kwa ukucha, taratibu, kama anayemfunua mtoto shuka. Nimefundisha shule miaka mingi, nimeona watu wanaoheshimu kazi yao, lakini heshima ya namna ile sikuwahi kuiona. Nilimpenda, basi.

Siku ya nne, Jumatano, alitandaza mezani karatasi tatu: ya kushoto, ya kuume, ya nyuma. Michoro mitatu, mwandiko wa watu watatu, na katika kila mchoro, upande wa kwetu, yameandikwa maneno yale yale: Baba Mapasa.

"Uyu njo nani?" aliniuliza.

Ni baba yangu, nikasema. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mtu akizaa mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando. Kumwita kwa jina hilo ni kumvunjia heshima. Yeye sasa ni Baba Mapasa, mke wake ni Mama Mapasa, na wanajivunia. Mtu mwingine, akisimama mbele ya karani wa serikali, angetaja jina la kwenye kitambulisho. Baba yangu, kwa wazimu wa furaha, alitaja cheo chake, na karani akaandika.

Pacha mmoja ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi shangazi aliponinong'oneza kwamba nilikuwa na kaka, tuliyezaliwa naye siku moja, na hakumaliza hata miezi mitatu. Nyumbani hakutajwa kamwe. Shangazi alisema kwamba baada ya msiba, kila jirani alipomwita mama "Mama Mapasa", kilichokuwa mikononi mwake kilianguka: sahani, maji, unga. Baba akapita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu waliache jina lile. Wakaliacha. Ndiyo maana hakuna aliyefikiri kulitafuta.

Mama wa arshivi alienda rafuni akarudi na faili letu kabla sijamaliza kufuta machozi. Ndani mlikuwa na hati ya kupewa nyumba, na karatasi ya watu wa nyumbani: mume, mke, watoto wawili. Mstari wangu, na mstari wake. Nilikuwa sijawahi kuliona jina la kaka yangu limeandikwa popote.

Alhamisi nilikimbilia parokia, nikapata cheti cha ubatizo wetu: watoto wawili, siku moja, na jina kamili la baba. Ijumaa nilimleta mama, mkoba wake mkononi. Mkubwa alilinganisha karatasi, akasema parsele ni yetu. Yule mwanamume akakunja plastiki yake, na mama, mama yangu huyo, akampa pole.

Tukaenda arshivi ili tuandikwe katika kitabu kipya. Penseli ilishuka vizuri hadi mstari wa mtoto wa pili, ikasimama. Baba hakuwahi kurudi kumfutisha.

"Mama," mwanamke yule aliuliza kwa sauti ya chini, "uyu wa pili, nimukate?"

Mama ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunaikala mu chumba moya, kwa bantu. Bakazaliwa bawili. Baba yabo akaenda kuomba nyumba, bakamupatia juu ya bale bawili. Kama alikuwa moya, hatungepata." Akavuta pumzi. "Nyumba iko yake. Utamukata namna gani?"

Miaka yote hiyo nililala, nikala, nikagombana na watu ndani ya nyumba aliyotupatia mtoto yule, na sikujua. Niliuma kitambaa changu.

Mama wa arshivi aliinamia kitabu. Aliandika mistari yote miwili kwa penseli, akaipitia kwa kalamu, akapuliza wino. Kisha akasimama, akakigeuza kitabu kuelekea kwa mama na kumsogezea wino wa kidole.

"Tia kidole hapa, Mama Mapasa."

Niliruka kutazama mikono ya mama. Mkoba wake ulikuwa bado umeshikwa.

"Eyo," aliitika, akatia kidole.