Aliponiita Mama

Tak-tak-tak-tak. Kimya. Kisha tena, tak-tak-tak-tak, kama ndege anayegonga gogo kwa hasira. Mimi na mama tuliisikia sauti hiyo tukiwa koridoni mwa kliniki, kabla muuguzi hajavuta pazia na kutuonyesha inakotoka: mzee mmoja ameketi kwenye kiti kama cha daktari wa meno, kichwani ameshikiziwa kifaa chenye umbo la tarakimu nane.

"Haimchomi?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ni nguvu ya sumaku inaamsha ubongo. Hakuna kisu, hakuna sindano."

Nilijua haiponyi Alzheimer, ugonjwa wa kusahau aliokuwa nao mama. Ni tiba changa; watafiti wenyewe bado wanabishana inamfaa nani na kwa muda gani. Lakini mama alikuwa ameanza kupotea hapohapo mtaani kwetu Mumbuni, kati ya duka na lango letu, na mimi nilitaka miezi michache tu zaidi ya kuwa naye. Kaka yake, mjomba wangu wa Kangundo, alikuwa ametucheka: "Kumbe mnaenda kumpiga stima! Mkimaliza niitieni huyo fundi, niko na redio imekufa." Mama alicheka kutushinda wote.

Tatizo ni kwamba kliniki ile ilipokea tu wale ambao ugonjwa haujawafikisha mbali. Kwa hiyo daktari, kijana nadhifu aliyekuja kutoka Nairobi, alimkalisha mama na kumhoji.

"Tuko wapi, mama?"

"Masaku."

Daktari alitabasamu, akalikubali jina hilo la zamani la Machakos. Siku ya wiki mama aliikosa. Miezi aliitaja vizuri. Kisha daktari akaninyooshea kalamu.

"Na huyu ni nani?"

Mama aliniangalia kwa upendo ule wa asubuhi zote za maisha yangu. "Huyu? Ni mama yangu."

Daktari alishusha pumzi. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu wa kutoa rambirambi, "Hamtambui binti yake tena. Samahani, madam. Mmechelewa."

Nilihisi damu ikinipanda masikioni. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, aliyemzaa mama. Kwetu Ukambani, mtoto wa hivyo mzazi wake humwita mwaitu, yaani mama. Ameniita hivyo tangu nikinyonya. Amenichapa kwa mwiko akiniita mama! Nilimweleza daktari yote hayo, pale pale.

"Kila familia ina maelezo yake," alisema.

"Maelezo? Toka nje umuulize muuza maembe yeyote! Umekuja kupima akili za Wakamba na hujui tunavyoitana nyumbani?"

"Madam, tafadhali."

Mama alimgeukia kwa huruma. "Kijana, wewe hukuitwa jina la mtu? Ulizaliwa hivihivi tu?"

Muuguzi alifunika mdomo, mabega yakimtikisika. Daktari hakucheka. Nilimwomba amhoji upya, kwa Kikamba, muuguzi akiwa mkalimani. Akasema utaratibu ni utaratibu, matokeo yamekwisha kuingia kwenye kompyuta, tumpishe mgonjwa mwingine.

Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mama mengi. Jina langu bado alikuwa nalo, na huyu alitaka kulitia katika hesabu ya vilivyopotea.

"Hatutoki," nilisema. Nikavuta kiti, nikaketi karibu na mama.

Daktari alichukua koti lake, akatoka, akaubamiza mlango.