Taima ya Pasta Iliyokataa Kufika Sifuri

Wasee, siku ya harusi yangu pasta alihubiri zaidi ya masaa mawili, na kosa lilikuwa langu.

Ni mimi niliyeitengenezea kanisa letu la Ruiru taima, ile saa ya kuhesabu dakika kurudi nyuma. Wazee walikuwa wamechoka na mahubiri marefu, wakakubaliana na Pasta Gachau: dakika ishirini, ikifika sifuri anashuka.

"Mimi nitatii mashine," Pasta alisema, amenuna.

Mahubiri yakaanza saa nne na nusu. Taima ikashuka vizuri mpaka dakika kumi na moja.

Pasta akanguruma kwa maikrofoni, "Semeni Amina!"

Taima ikarudi ishirini.

Mimi nilijua shida. Taima na amplifaya zilikula stima pamoja. Pasta akinguruma, amplifaya inafyonza yote, chip, ule ubongo wa taima, inazimia kidogo, ikiamka inaanza upya. Dawa ni kapasita ndogo kama punje ya mchele, ikae miguuni pa chip na stima yake ya akiba. Mimi nilifunga moja nene kama kidole gumba, mbali, pale waya unapoingilia. Nikajidanganya kwamba kubwa inatosha.

Ikafika saa sita na nusu. Saa saba kanisa lilikuwa la harusi nyingine, na bibi harusi wao alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono kiunoni. Tungerudi nyumbani bado wachumba.

"Sijasikia hiyo Amina!" Ishirini tena.

Beth, bibi harusi wangu, akaninong'onezea, "Hiyo si kitu yako?"

"Ni yangu."

"Enda utengeneze."

Pasta alipofumba macho kuomba, nikatambaa na suti hadi mimbarini. Msimamizi wangu wa harusi, Owino, fundi mwenzangu wa Thika, akaleta chuma cha kuchomelea na kapasita aliyoing'oa kwa redio ya gari la harusi. Beth akanimulikia na simu, nikaichomelea miguuni pa chip.

Pasta akanguruma mara nne zaidi. Taima haikutingishika. Ilipogonga sifuri, akanyamaza katikati ya neno.

Zilibaki dakika sita ifike saa saba.

"Beth, unamkubali huyu?" Pasta akauliza mbio.

Beth akachukua maikrofoni. "Pasta, ngoja. Babe, ulijua hiyo kapasita ndogo haiko?"

"Nilijua."

"Na kwa nyumba tunahamia leo, kuna kitu ingine umefunga hivyo?"

Nikafikiria ile shawa ya stima niliyoifunga haraka haraka.

"Usioge kabla ya Jumatatu," nikasema.

Kanisa likasema Amina bila kuombwa.

"Namkubali," Beth akasema. "Lakini leo anaanza na shawa."

Jioni nilipanda stuli na suti kutengeneza shawa, Beth akishikilia stuli, bado na gauni.

Funzo ni hili: kama kuna kitu umefunga nusunusu, mwambie mchumba wako kabla hajashika maikrofoni.