"Ukiwa na mguu mpana, kiache": Mama Rula na duka la viatu lisiloficha kitu

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Rula ameingiza mkono ndani ya kiatu cheusi cha kike mpaka kwenye kifundo, na amefumba macho. Vidole vyake vinatembea polepole juu ya bitana, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotelea kwenye godoro.

"Hapa," anasema, vidole vikisimama mahali pamoja. "Mshono huu utamla mtu kidole kidogo."

Anatoa mkono, anachomoa rula ya plastiki inayopindika kutoka mfuko wa aproni yake na kupima ndani ya kiatu, urefu kwanza, kisha upana. Halafu anageukia kompyuta na kuandika kwa vidole viwili: "Kimeandikwa 39 lakini ndani ni 38. Kina mshono upande wa kidole kidogo. Ukiwa na mguu mpana, kiache."

Kiache! Katika duka linaloishi kwa kuuza viatu, neno hilo lilikaribia kumponza mwaka jana.

Duka lenyewe halina mlango wa wateja. Ni chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya mahali pa kuchapisha kadi, chenye rafu za viatu kuta tatu hadi darini na meza moja dirishani. Wateja wote huja kwa simu. Wanatazama picha, wanasoma, wanaagiza, na dereva wa pikipiki anawapelekea.

Mama Rula, mwenye miaka hamsini na mmoja, aliingia hapa kama mfungaji wa maboksi. Kabla ya hapo aliuza viatu miaka kumi na tisa katika duka la barabarani, akiwavisha wateja kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimepiga magoti mbele ya miguu ya kila aina," anasema. "Nimeona watu wakificha visigino vilivyopasuka chini ya kiti. Nimeona mama mtu mzima anakwambia 'kinanitosha kabisa' huku machozi yanamlengalenga, ili mradi tu alipe atoke, asiendelee kutazamwa."

Kisha wateja wakahamia kwenye simu, na duka lile likafungwa. Alikaa nyumbani miezi minane, mjane mwenye binti anayesomea uuguzi, bila mbele wala nyuma. Alipopata kazi ya kufunga maboksi kwa mshahara wa nusu ya ule wa zamani, aliishika kwa mikono miwili.

Lakini huku nako mambo hayakuwa shwari. Picha za viatu zilipigwa chini ya taa kali na kung'arishwa mpaka kiatu cha kawaida kikaonekana kama cha kwenye jumba la kifalme. Maneno nayo yalitiwa chumvi. Kila kiatu kilikuwa "laini kama wingu". Watu walinunua kwa wingi, na walirudisha kwa wingi vilevile. Katika kila jozi kumi zilizotoka, nne zilirudi. Maboksi yaliyorudi yakajaa pembeni, yakapanda, hadi yakaziba nusu ya dirisha.

Ijumaa moja mwenye duka, mwanamke wa miaka thelathini na miwili ambaye humwita Mama Rula "mama" tu, alimweka chini.

"Mama, sitakuficha. Nalipia mzigo kwenda, nalipia mzigo kurudi. Tukifika mwisho wa mwezi ujao tukiwa hivi, nafunga."

Alijiona amerudi kwenye ile miezi minane. Jumatatu yake aliwahi kazini, akaketi sakafuni, akaanza kufungua maboksi yaliyorudi, moja baada ya jingine. Yalikuwa sitini na matatu. Ndani ya kila moja mlikuwa na kikaratasi ambacho mteja huandika sababu ya kurudisha, vikaratasi ambavyo hakuna aliyekuwa na muda wa kuvisoma.

"Kidogo." "Kikubwa." "Rangi siyo ile." "Kinauma hapa juu." Mmoja aliandika: "Picha nzuri, kiatu sicho."

"Nilisoma vyote sitini na vitatu," anasema. "Hakuna hata mmoja aliyesema kiatu ni kibovu. Walikuwa wanatwambia kwamba tumewadanganya."

Mwenye duka alipofika, alimkuta bado sakafuni, vikaratasi vimemzunguka.

"Bosi," alimwambia. Humwita "mwanangu" wakielewana na "bosi" wanapotaka kubishana. "Nipe wiki tatu. Nipime kila kiatu kwa mkono wangu, niandike mwenyewe."

"Uandike nini?"

"Nilichokuwa nawaambia watu nikiwa nimepiga magoti."

Alipewa. Ila mwenye duka aliposoma maelezo ya kwanza alishika kichwa. Mama Rula alikuwa ameandika chini ya kiatu kirefu chekundu: "Kisigino hiki kinachosha baada ya saa mbili. Ni cha sherehe ya kukaa, siyo ya kucheza."

"Mama! Unauza au unafukuza?"

Wiki ya kwanza ilionekana kwamba anafukuza. Oda zilishuka kutoka arobaini hadi ishirini na mbili. Mama Rula anakumbuka kwamba chakula hakikushuka kooni wiki ile. Hata binti yake alimuuliza kwenye simu kwa nini asiandike tu maneno matamu kama maduka mengine. Aliendelea kupima kwa sababu, anasema, tayari alikuwa amefika rafu ya tatu.

Jumanne ya wiki ya pili ukaingia ujumbe kutoka kwa muuguzi mmoja ambaye hakuwahi kununua hapo.

"Kuna kiatu nilikitaka sana, nikasoma kwamba kinabana wenye mguu mpana, nikakiacha," aliandika. "Nikachukua kile mlichosema kinamfaa anayesimama kutwa. Nimekivaa zamu nzima. Ni mara ya kwanza duka kunizuia nisinunue. Nani anaandika haya?"

Kabla ya siku mbili kwisha, wenzake kumi na mmoja wa wodi yake walikuwa wameagiza.

Hata hivyo mwenye duka hakutaka kushangilia mapema. Kuuza walikuwa wanauza hata zamani, alisema. Kilichowaua ni kurudishiwa. Dereva wa pikipiki huleta mizigo iliyorudi Jumamosi, na Jumamosi ya wiki ya tatu wote wawili walikaa wakisikiliza ngazi, roho juu. Hatua zikapanda. Mlango ukafunguka. Dereva akaingia mikono mitupu, na kitabu chake cha sahihi kwapani.

"Mizigo iko chini?" mwenye duka aliuliza.

"Mizigo ipi?"

"Iliyorudi."

"Leo hamna. Kwani kuna kitu mlikuwa mnasubiri?"

Mwenye duka alijiachia kukaa juu ya boksi. Boksi likabonyea, akaenda nalo hadi sakafuni, na badala ya kuinuka akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi, na Mama Rula naye akacheka, dereva akiwakodolea macho kama watu waliorukwa na akili.

"Nilishusha pumzi," anasema Mama Rula, akiweka mkono kifuani, "ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu lile duka la zamani lifungwe."

Leo, katika jozi kumi, ni nadra hata moja kurudi. Dirisha liko wazi, na hapo dirishani ndipo picha zinapopigwa sasa, kwa mwanga wa jua, bila taa. Kila kiatu kinapigwa picha pia kikiwa kimevaliwa. Cha kike huvaliwa na Mama Rula mwenyewe, na sugu zake zote zikionekana.

"Mguu huu umetazamwa na watu wengi kuliko wa msanii yeyote," anatania. "Na haujawahi kuombwa picha ya pamoja."

Wateja wana sababu zao za kurudi. Mwalimu mstaafu aliyekuja siku hiyo kuwaona kwa macho yake, baada ya kununua jozi tano bila kukanyaga hapo, anasema kinachompendeza ni kwamba akipiga simu anajibiwa na mtu anayekijua kiatu. Pia anaruhusiwa siku saba za kujaribu, na akirudisha hahojiwi kama mwizi.

"Halafu miguu yangu imevimba," anaongeza kwa sauti ya chini. "Najaribia chumbani kwangu, mlango nimefunga. Hakuna anayenitazama."

Simu inaita. Mama Rula anaipokea na kuibana begani, rula mkononi.

"Kaka, chukua karatasi, simama juu yake, zungushia kalamu. Hapana, usikae! Mguu uliokaa unadanganya, simama wima. Hufiki chini? Basi muite shemeji akushikie kalamu. Mwambie asicheke."

Anasubiri. Kutoka kwenye simu kicheko cha mwanamke kinasikika hadi kwenye rafu za mwisho.

Mshahara wake umeongezwa kwa robo tangu mwaka ulipoanza, na binti yake amebakiza muhula mmoja chuoni, ada imeshalipwa. Akiulizwa anajisikiaje, hatafuti maneno makubwa. "Nakula nashiba," anasema.

Sasa ana jambo jipya. Miezi miwili iliyopita fundi seremala mmoja, aliyepoteza mguu wa kushoto katika ajali, alimweleza kwamba tangu hapo hununua viatu viwili na kutupa kimoja. Mama Rula alishindwa kuliacha jambo hilo. Ameuliza kwa wateja, amepiga simu hospitali, na tayari amewakutanisha watu wanne, wawili wawili, wenye namba ya kiatu inayolingana. Kila mmoja anachukua kiatu kimoja cha jozi na kulipa nusu.

Anataka duka liwe na ukurasa maalumu kwa ajili yao kabla ya mwaka kwisha. Mwenye duka amekubali, kwa sharti kwamba kila mmoja apatiwe mwenzake kwanza. Kwa hiyo, mwandishi wa makala haya anapofunga daftari ili aondoke, Mama Rula anamshika mkono.

"Wa kuvaa cha kulia tunaye, yule seremala. Namba arobaini na mbili, anapenda rangi ya kahawia. Bado namtafuta wa kuvaa cha kushoto," anasema. "Andika hivyo hivyo gazetini. Wa kushoto, arobaini na mbili, asiyechukia kahawia. Anipigie, kiatu chake kipo."