Mzee wa Moshi Uwanjani Kakuma

Juzi nililetewa habari kwamba yule mzee aliyekuwa mlinzi wa uwanja wa ndege wa Kakuma ametutoka. Habari hiyo imenifanya niandike leo, wasomaji wangu, kwa sababu mzee huyu amekwenda na lawama isiyokuwa yake, na mimi nilijua.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi ya viwanja vya ndege, Lodwar. Uwanja wa Kakuma ulikuwa na mlingoti mtupu. Ule mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka ulikuwa umeraruka ukaisha. Rubani asipojua, anaweza kutua upepo ukimsukuma mgongoni, na ndege isisimame. Mzee akatafuta njia yake: akisikia mngurumo, anawasha matawi mabichi ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa huko, moshi unaonyesha upepo unakoelekea. Siku moja nilipokwenda huko nilimtania kwamba anachoma nyama bila kutukaribisha. "Cheka tu, bwana karani," akasema. "Lakini hiyo kitambaa lete. Siku moja mimi nitakuwa mbali." Akamwomba mwalimu mmoja wa hapo amwandikie barua ya kuomba kitambaa, mara tatu, zikaja ofisini kwetu. Zote zilipita mkononi mwangu. Nikazitia kwenye faili, nikaenda zangu kunywa chai.

Asubuhi moja ndege ndogo ikaondoka Lodwar kwenda Kakuma mapema kuliko kawaida. Mzee alikuwa ameenda kuteka maji, kwa hiyo moshi haukuwapo. Rubani, kijana mcheshi aliyetusalimia sote "ejok", salamu ya Kiturkana, kwa lafudhi ya kuchekesha, akatua na upepo mgongoni, ndege ikapitiliza uwanja na kutumbukia kwenye mto mkavu. Alifariki papo hapo. Jamani, sikula siku mbili.

Wachunguzi walipokuja, mzee alisimama mbele yao. "Ni mimi. Ndege ilikuja, mimi sikuwa." Barua hakuzitaja kabisa. Akafutwa kazi, na mimi ndiye niliyekaa pale nikiandika maneno yake bila kuzitaja zile barua, nikihofia mkate wangu.

Baadaye nilimkuta sokoni Kakuma akiuza makaa. "Kitambaa ilikuja?" akauliza. Nikasema kilikuja. "Basi vizuri!" Akanishika mkono kwa furaha ya kweli. Nilitaka kusema, aibu ikanishika, nikanunua gunia nisilolihitaji na kuondoka.

Nyinyi mnaokaa maofisini, barua ya mtu wa mbali isomeni siku inapofika. Na mkikosea, semeni mwenzenu angali hai. Kosa la Kakuma lilikuwa langu. Nimelisema leo, na mwenyewe hasikii tena.