Mshona Matanga na Swali la Anti Binah

Elof Tingvall alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuuliza. Ukimpa supu ya njegere, atauliza njegere zimetoka wapi. Ukimwambia anyamaze, atauliza mpaka lini. Alipanga chumba cha juu nyumbani kwangu, pale Charleston karibu na gati, na mimi Hedda Rosvall, mjane wa baharia, ndiye niliyemlisha samaki wa chumvi na kumfulia mashati yanayonuka nta na lami. Kazi yake ilikuwa kushona matanga. Alitoka Karlshamn, mji wa Uswidi nilikozaliwa mimi pia, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumkaripia.

Waswidi tulikuwa wachache mjini, tulitosha benchi mbili nyuma ya kanisa la Wajerumani. Tulipenda kujigamba kwamba kwetu mtu hanunui mtu. Tulijigamba hivyo huku tukinywa kahawa iliyopakuliwa melini na watumwa, na nahodha mmoja wa kwetu alipohamia pale alinunua mtu kabla hajanunua kitanda. Kwa hiyo nikisikia Mswidi anajisifu, mimi hutoka nje nikapunge upepo.

Mwaka wa pili wa Elof pale, Bwana Ravenshaw, tajiri wa pamba, alimwita ashone turubai la kufunika baraza yake yote. Alikuwa anaoa. Baada ya harusi angehamia Alabama na mkewe, na watumwa wa nyumbani wangekwenda naye, akiwemo mama mmoja mtu mzima aliyeongoza jiko lake, jina lake Binah. Binah alikuwa na binti mmoja, Sabra, mtumwa wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Walikuwa wakionana sokoni asubuhi, wakishikana mikono kidogo juu ya vikapu, basi. Aliyepelekwa Alabama hakurudi. Binah alilijua hilo, na jiko zima lililijua.

Elof alikula chakula chake cha mchana kwenye ngazi za jiko hilo, na Binah ndiye aliyemrekebisha Kiingereza chake. Akampenda sana yule mama. Lakini siku moja alirudi kwangu amekunja uso, hata mkate hakuugusa.

“Mama Hedda, wale watu wanamwita Anti Binah. Bwana anamwita Anti, watumishi Anti, mpaka muuza maziwa. Sasa ni anti wa namna gani?”

“Wa namna ya bure,” nikamwambia. “Mzungu wa hapa akimwita mama mweusi Bibi, ulimi wake utaota malengelenge. Kwa hiyo anamwita Anti. Kula.”

“Lakini shangazi, au mama mdogo?”

“Elof, kula!”

Asingetulia, na nilijua kwa nini. Kwetu, mtu mzima humwambii “wewe”. Unamtaja kwa cheo chake kama vile hayupo: Je, nahodha angependa kahawa? Je, shangazi amelala vizuri? Na dada wa baba ana jina lake, dada wa mama jina lake, ukiyachanganya bibi yako anakupiga kofi. Wasema Kiingereza wamewatia wote kwenye gunia moja wakaliita anti. Elof alikuwa anakula chakula cha mama wa watu kila siku na hana jina la kumwitia. Alijiona mshenzi.

Kesho yake akamuuliza mwenyewe. Haya nayasema kama alivyonisimulia.

Binah alikuwa anamenya kamba wa baharini. Akaacha, akajifuta mikono. “Bwana Elof, unataka kujua mimi ni dada wa mama yake bwana au dada wa baba yake?”

“Ndiyo. Ili nimwite mama vizuri.”

“Nani mwingine umemuuliza?”

“Mama Hedda tu. Amesema nile.”

Binah akacheka, kisha kicheko kikakatika. “Swali lako zuri sana. Ila mimi si mtu wa kulijibu. Muulize bwana. Na usimuulize peke yake, atakuona unamnyemelea. Muulize Jumamosi akiwa na wageni. Watu wakubwa hupenda kuulizwa habari za ukoo wao mbele ya wageni.”

Mtu mwingine yeyote angeshtuka. Elof akamshukuru.

Jumamosi mama mkwe mtarajiwa, Bibi Corliss, alikuja na binti yake kuiona nyumba. Wakaketi barazani, Elof juu ya ngazi akikaza kamba za turubai. Bwana Ravenshaw akaita, “Anti Binah! Tuletee maji ya ndimu!” Binah akaja na sinia. Na Elof akashuka, akavua kofia, akainama kama tulivyofunzwa.

“Bwana Ravenshaw aniwie radhi. Ningependa kumheshimu mama huyu ipasavyo. Je, ni dada wa baba yake bwana, au ni dada wa mama yake?”

Angecheka tu! Mpaka leo nasema hivyo. Angecheka, angemwita Elof mjinga wa kuja, na mambo yangeishia hapo. Lakini Bwana Ravenshaw akawa mwekundu kuanzia kwenye kola, mdomo wazi, na ukimya wake ukampa Bibi Corliss nafasi ya kutazama. Akamtazama Binah, akamtazama Ravenshaw. Kope la kushoto la Binah lilining'inia kidogo. La Ravenshaw pia. Na ndani ukutani, dirisha likiwa wazi, babu yake Ravenshaw aliyechorwa kwa rangi alikuwa na kope lilelile.

“Huyu mwanamke,” Bibi Corliss akasema, “hatasafiri na binti yangu.”

Elof alifukuzwa bila kumaliza kazi. Alikuja kwangu mbio, na nilipoelewa alichokifanya nilimpiga na kitambaa cha vyombo. Nilikuwa na hofu kweli. Mtumwa anayemwaibisha bwana wake alikuwa na njia nyepesi ya kupotea: wachuuzi wa watu walikuwa wamejaa mjini, wakinunua kwa ajili ya mashamba ya mbali.

“Utakuwa umemuua yule mama kwa adabu zako!” nikamwambia.

“Yeye ndiye aliniambia niulize,” akasema, na hapo ndipo sote wawili tukaanza kufikiri.

Binah alikuwa amecheza kamari, na mimi ningeiogopa. Lakini hakucheza gizani. Sabra alikuwa amemwambia sokoni kwamba mpishi wa yule fundi cherehani amefariki, na mke wa fundi analia kila siku juu ya sufuria. Na Ravenshaw alitaka jambo liishe upesi, bila mnada, bila watu kuja kumkagua Binah usoni. Fundi alipobisha hodi kutaka kumnunua, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Binah alihamia mtaa wa pili na kifurushi chake kichwani. Alikuwa bado mtumwa, lakini jioni hiyo alilala chumba kimoja na mwanawe.

Ravenshaw alipokwisha kusafiri, Elof alikwenda kumwona. Nilimpa mkate mweusi wa kwetu apeleke, nami nikafuatana naye, maana nilitaka kusikia. Tulimkuta jikoni, Sabra yuko uani akianika nguo na kuimba.

“Mama alinifanya sindano yake,” Elof akasema. Alikuwa ameumia.

“Nilikuwa na uzi, Bwana Elof, sikuwa na sindano. Ningeuliza mimi, ningechapwa. Wewe ni mgeni, hujui kitu.” Akamsukumia kiti. “Na jibu lako ni dada wa baba. Tulizaliwa na baba mmoja, mimi na baba yake bwana.”

“Yeye alijua?”

“Kama hakujua, mbona alishindwa kukujibu?”

Elof akataka kufurahi. Akauliza, kama kawaida yake, je, bwana alimuaga siku ya safari?

Binah akaugeuza ule mkate mikononi. “Alipita hapa na gari la farasi, mkewe pembeni. Akasimamisha. Mimi ndiye niliyembeba akiwa mchanga, nikamfunza kutembea, na tangu alipojua kusema hajawahi kuniita kitu kingine ila Anti. Juzi akaniangalia, akamwangalia mkewe, akasema, ‘Kwaheri, Binah.’ Hata lile Anti ameninyang'anya.”

Akakaa, akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti mpaka Sabra akaacha kuimba.