Niliteka Buli la Mtani, Nikaendelea Kula Kuku

Nina kosa, na nalisema kabla hamjaniuliza. Kwa miaka mingi nimekula kuku wa mwenzangu kwa ajili ya kitu nisichokuwa nacho. Nilikula nikijua, tena niliwaunga kwa karanga.

Mimi ni Mgogo, nakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Jirani yangu nitamwita Bi Tatu, ni Mnyamwezi. Mababu zake walikuja na misafara ya zamani, wakatua mizigo, wakaoa, wakabaki. Sisi na wao ni watani, na utani wetu mnaujua: kwenye arusi au msiba mtani ananyakua kitu chako mbele ya watu, na huruhusiwi kununa. Unakikomboa kwa zawadi, watu wanacheka, kitu kinarudi. Kinatakiwa kirudi.

Bi Tatu alikuwa na buli la kaure kutoka Uingereza, alilorithi kwa babu yake. Jeupe, lenye picha za bluu zilizopigwa chapa: nyumba ya paa lililopinda ncha, uzio, na mti ulioinamia maji. Kwenye kitako lilikuwa na mwezi mwandamo mdogo wa bluu. Padri mmoja mzungu aliwahi kuligeuza akasema ni la zamani sana, na ule mwezi ni alama ya kiwanda tu. Bi Tatu akalitoa mikononi mwake taratibu. "Basi Baba," akasema, "hicho kiwanda kilijua linakwenda kwa nani."

Halikuwa la chai ya kila siku. Lilitoka kabatini binti wa nyumba ile anapoolewa, kuwamiminia wakwe kikombe cha kwanza.

Binti yake mkubwa alipoolewa, mimi ndiye niliyelirukia. Lilikuwa kwenye sinia, bado tupu. Nikalibeba kichwani nikizunguka ua mzima: "Babu yako alilibeba toka pwani, leo zamu yangu!" Watu hoi. Bi Tatu aliwahi kifuniko tu, akabaki nacho mkononi. "Mgogo wewe," akasema, "kuomba tulikuzoea, hili la kupora umejifunza wapi?" Wakwe wakamiminiwa kwa birika la bati, nami nikatangaza kwamba mateka wangu haachiwi bila kuku.

Sasa nililiweka wapi? Sikiliza akili yangu. Ilikuwa miaka ile biashara ya mahindi imefunguliwa, mume wangu kapunguzwa kazini, na stoo yetu imejaa magunia ya kupeleka soko la Kibaigwa. Nikaona kaure haiwezi kulala pazuri kuliko ndani ya mahindi. Nikalifunga kwenye kanga, nikalizamisha kwenye gunia lililokuwa wazi, nikasawazisha juu. Nikajisifu kabisa.

Kesho yake nikaenda mazoezi ya kwaya. Mume wangu akapata lori, akalishona lile gunia pamoja na mengine, akaondoka. Niliporudi stoo ilikuwa nyeupe, na watoto walikuwa wanaruka kamba humo.

Nilifika Kibaigwa nimechanganyikiwa. Magunia mpaka macho yanaisha. Ya kwetu yalikuwa yameshanunuliwa na kupelekwa Dar. Dalali mmoja, bado kashika bambo lake la kutobolea magunia, alinitazama kwa huruma. "Mama, buli ndani ya mahindi? Hilo si buli, hilo jini, mshukuru Mungu limeondoka." Mume wangu nilimkuta hukohuko, akacheka njia nzima ya kurudi. Mimi nililia, na kanga ya kujifutia ndiyo hiyo ilikuwa imekwenda Dar.

Ningesema siku ileile yangeisha. Lakini nyumbani nilikuta Bi Tatu ameshaleta jogoo, kafungwa miguu, na ujumbe: "Mla kuku, achia mateka wangu." Nikamfuata kwake, nikafungua mdomo niseme ukweli. Kilichotoka ni, "Mateka anasema hajashiba." Akacheka mpaka akakaa chini. Basi kila Idi ikawa kuku, na kila kuku uongo mwingine. Kile kifuniko alikiweka peke yake kabatini, juu ya kitambaa cha kufuma, na kila mgeni aliambiwa kiwiliwili kiko kwa Mgogo kinanenepeshwa.

Nilikuwa naona aibu, jamani. Ila ubaya wa mtani ni kwamba ukimwomba msamaha anadhani ndiyo utani umenoga.

Mwezi uliopita kitinda mimba wake alichumbiwa. Bi Tatu akaja mwenyewe, hakuleta kuku. Akakaa jikoni kwangu. "Mtani, utani umetosha. Huyu ni wa mwisho. Nataka awamiminie wakwe kwa buli la babu, kisha ukitaka liteke tena."

Nikamwambia yote. Akacheka kwanza. Nikarudia. Akaacha kucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake."

Akawa anakunjakunja pindo la mtandio. Nikasubiri anitukane, na ningemshukuru.

"Na kuku wangu?"

"Nimewala."

"Wote?"

"Wote, mtani."

Akainuka akaenda kwake. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kufuma, akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kifuniko. "Chukua na hiki," akasema. "Ni aibu kuiba nusu." Alikuwa anacheka tena, maana ndiyo sheria yetu, lakini machozi yalimtoka na hakuyafuta. Siku ya arusi binti aliwamiminia wakwe kwa chupa ya chai ya dukani, yenye maua mekundu. Mimi niliosha vikombe, sikunyakua hata kijiko.

Ninyi mnaopenda utani, tekeni sufuria, tekeni kiatu cha bwana arusi. Msiguse kitu ambacho mwenyewe akikikosa atacheka kwa kuwastahi tu.

Na kama kuna mtu Dar aliyewahi kufungua gunia la mahindi akakuta buli la bluu ndani ya kanga, kifuniko chake kiko kwangu. Lilete. Nitalikomboa kwa kuku, na safari hii kuku wa kwangu mwenyewe.