Sauti ya Pili Kwenye Gari la Mama

Makoti ya sufu yaliyolowa theluji, yakianikwa juu ya hita, hutoa harufu nzito ya kondoo aliyenyeshewa. Nikiisikia popote, nina miaka kumi na mmoja tena, niko kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la Saint Paul, Marekani, nimeshika karatasi ya nota na sielewi kitu.

Tuliishi mtaa wa Frogtown, mimi na mama tu. Mama alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kakamega. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee mrefu aliyevaa sweta moja majira yote ya baridi, alipenda nyimbo za Ulaya za miaka mia nne na zaidi iliyopita. Nyingine zilikuwa za ibada kwa Kilatini, nyingine za mapenzi, na zote tuliziimba bila kinanda. Sauti moja huanza, ya pili huifuata kwa maneno yaleyale, kisha ya tatu na ya nne, kila moja na njia yake. Mimi niliwekwa sauti ya pili. Lakini sauti ya kwanza ilipopita karibu yangu, niliiandama kama ndama.

"Lete hiyo karatasi," mama aliniambia jioni moja. Akaitazama, akachukua kalamu, na chini ya nota zangu akaandika solfa, herufi za kuimbia: d, r, m, f. Nikaona aibu. Karatasi za wenzangu hazikuwa na herufi kama zile. Nikamwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikielewa lakini sikukizungumza, kwamba mwalimu hatapenda.

"Mwalimu anataka uimbe," alisema. "Haya, soma."

Tangu siku ile tulifanyia mazoezi garini. Mama aliimba sauti ya kwanza, mimi ya pili. Nikimfuata, aligonga usukani kwa kidole. "Hiyo ni yangu. Rudi kwako."

Siku moja nilimweleza maneno ya wimbo wa mapenzi: mwanamume anakufa kwa sababu msichana amekataa kumbusu.

"Anakufa kabisa?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na bado anaimba?"

Tulicheka mpaka taa ya barabarani ikawa ya kijani na walio nyuma wakatupigia honi.

Mchana wa tamasha, msichana hodari wa sauti ya pili alishikwa na homa. Tukabaki watatu, na wale wawili wakaniangalia mimi. Wimbo wa Kilatini ulianza. Zamu yetu ikafika, sikuingia, na wale wawili wakaningoja. Sauti ya kwanza ikaenda peke yake.

Ndipo mama, akiwa benchi la pili na sare yake ya hospitali, akaimba sehemu yetu. Kilatini hakukijua, kwa hiyo aliimba solfa. Watu waligeuka. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sauti ile niliijua, nikaingia, na wenzangu wakaingia nami. Mama alipotaka kunyamaza, mwalimu alimwashiria kwa nyusi aendelee. Akaimba hadi mwisho: sisi tukimwomba Mungu rehema, yeye akitaja soh na doh.

Baadaye mwalimu aliomba kuona karatasi yangu. Alizifuata zile herufi kwa kidole. "Ulijifunza wapi?" akamuuliza mama.

"Shuleni. Kwetu wengi wanasoma hivi."

Juma lililofuata sauti ya pili yote ilikuwa na nakala ya mwandiko wa mama.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu jinsi mama alivyochoka kazini na bado akanifundisha. Halafu mama mdogo alikuja kututembelea, akanieleza kwamba dada yake aliongoza kwaya chuoni, na kwamba alipohamia Marekani aliacha kuimba kabisa. Zamu za kazi hazikumruhusu. Nilikaa nikizikumbuka zile jioni, jinsi alivyozunguka mtaa mara ya pili badala ya kuegesha, akidai tumalizie ukurasa. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Kumbe naye alikuwa amepata mtu wa kuimba naye, na nyimbo zile haziimbiki na mtu mmoja.